Kurudisha Njeo Nyuma: Historia ya Kanuni ya Usemi wa Taarifa katika Kiingereza na Kuingia Kwake katika Sarufi ya Shule ya Kiswahili

Ikisiri

Kanuni inayotaka njeo ya kitenzi irudishwe nyuma pindi maneno ya mtu yanaporipotiwa imezoeleka kufundishwa katika Kiingereza kana kwamba ilizaliwa pamoja na lugha hiyo. Makala haya yanafuatilia historia yake tangu Kiingereza cha Kale hadi karne ya 20. Hoja inayotolewa ni kwamba kanuni ya darasani ina asili mbili: mabadiliko ya ndani ya Kiingereza, na mazoezi ya Kilatini ya shuleni. Sehemu ya mwisho inaonyesha kuwa ni asili hiyo ya pili iliyohamia katika vitabu vya Kiswahili, hususani nchini Kenya, na inajadili kilichopotea kwa sababu hiyo, hasa katika matumizi ya mofimu -nge-.

Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya anapopewa sentensi "'Nitakuja kesho,' Juma alisema" na kutakiwa kuiandika katika usemi wa taarifa, jibu linalotarajiwa kwa kawaida ni "Juma alisema kwamba angekuja siku iliyofuata." Mwanafunzi huyohuyo akitumwa na Juma kupeleka ujumbe nyumbani hatasema hivyo. Atasema, "Juma kasema atakuja kesho." Na akisimulia mambo ya mwaka uliopita atasema, "Juma alisema atakuja kesho yake." Katika ujumbe na katika usimulizi, -ta- imebaki mahali pake. Ni darasani tu ambapo imegeuka kuwa -nge-.

Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa urasmi peke yake. Mzee anayetoa ushahidi barazani, au mwandishi wa barua rasmi, naye husema "aliahidi kwamba atalipa" bila kuhisi kuwa amekosea. Kanuni ya -nge- ina chimbuko jingine, na ili kuliona yapaswa kwanza kuirejea historia ya lugha ambamo kanuni ya namna hiyo ilikomaa, yaani Kiingereza. Historia hiyo haijanyooka. Wanaoifundisha kanuni hii, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, huiona kama sheria ya mantiki: jambo lililosemwa jana ni la jana, kwa hiyo kitenzi chake nacho kiwe cha jana. Lakini Kirusi huihifadhi njeo ya msemaji wa awali, na Kijapani vilevile, na hakuna anayedai kuwa lugha hizo zina upungufu wa mantiki.

Kiingereza cha Kale: dhamira kabla ya njeo

Katika Kiingereza kilichosemwa kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, alama iliyotofautisha maneno ya mtoa taarifa na maneno ya mtu mwingine haikuwa njeo hasa, bali dhamira. Baada ya vitenzi vya kusema, kitenzi cha kishazi tegemezi mara nyingi kilichukua umbo la dhamira tegemezi, lililo na kazi inayokaribiana na ile ya kiishio -e katika "aje" au "asome". Kwa umbo hilo mwandishi alijiweka kando: haya ni maneno ya fulani, mimi nayapokeza tu. Kijerumani sanifu kingali kikitumia mbinu hiyo, hasa katika magazeti.

Mfano unaojulikana zaidi ni taarifa ya Ohthere, baharia wa Norwei aliyefika katika baraza la Mfalme Alfred wa Wessex, aliyetawala kuanzia 871 hadi 899. Masimulizi yake yalipachikwa ndani ya tafsiri ya Kiingereza cha Kale ya historia ya Orosius. Mwandishi anaanza kwa kueleza kuwa Ohthere alimwambia mfalme kwamba yeye aliishi kaskazini kuliko Wanorwei wote. Kitenzi cha kuishi kimeandikwa bude, umbo la wakati uliopita. Muda mfupi baadaye mwandishi anaripoti kuwa Ohthere alisema nchi ile inaenea mbali sana kuelekea kaskazini, na hapo kitenzi ni sie, umbo la wakati uliopo katika dhamira tegemezi. Msemaji ni yuleyule, mtoa taarifa ni yuleyule, kitenzi cha kusema kimo katika wakati uliopita mara zote mbili. Hata hivyo njeo za vishazi tegemezi zinatofautiana.

Yawezekana kudai kwamba mwandishi aliona makazi ya Ohthere kuwa jambo la simulizi na urefu wa nchi kuwa jambo la kudumu. Dai hilo halina ubaya, ila linathibitisha kuwa mwandishi alikuwa na hiari. Ikumbukwe pia kuwa umbo bude lenyewe halionyeshi kama ni la dhamira arifu au la dhamira tegemezi, kwa kuwa katika vitenzi vya aina hiyo nafsi ya tatu umoja ya wakati uliopita hufanana katika dhamira zote mbili. Mfanano huu, unaoonekana kuwa jambo dogo la tahajia, ndio uliokuja kuamua mengi.

Katika karne zilizofuata viishio vya vitenzi vya Kiingereza viliporomoka. Tofauti kati ya dhamira arifu na dhamira tegemezi ilififia hadi karibu ikatoweka, na pamoja nayo ikatoweka ile alama ya kale ya usemi wa mtu mwingine. Kilichobaki baada ya kitenzi kama "alisema" ni umbo la wakati uliopita, ambalo awali lilikuwa limebeba mambo mawili kwa pamoja, wakati na umbali wa mtoa taarifa. Dhamira iliondoka, njeo ikarithi kazi yake. Kwa mtazamo huu, kinachoitwa kurudisha njeo nyuma katika Kiingereza cha leo hakikuanza kama hesabu ya saa na siku. Ni mabaki ya mfumo uliokusudiwa kuonyesha nani anawajibika kwa maneno.

Wakati wote huo mpaka kati ya usemi halisi na usemi wa taarifa ulikuwa mwepesi kuvukwa. Waandishi wa Kiingereza cha Kati waliweza kuanza sentensi kwa "alisema kwamba yeye" na kuimalizia kwa "mimi". Msomaji wa tendi za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu hatashangazwa na jambo hili. Mahali pasipo na alama za kunukuu, sikio ndilo linalojua nani anasema. Alama hizo zilijikita katika uchapaji wa Kiingereza katika karne ya 18, na ndipo ilipowezekana kuzungumzia aina mbili za usemi zinazotengana kabisa na kugeuzwa moja kuwa nyingine.

Kilatini darasani

Asili ya pili ya kanuni hii ni shule. Sarufi ya Kilatini iliyohusishwa na jina la William Lily ilipewa idhini ya kifalme nchini Uingereza katika miaka ya 1540, na kwa vizazi vingi neno "sarufi" kwa mtoto wa shule lilimaanisha Kilatini. Mwaka 1586 William Bullokar alipochapisha sarufi ya kwanza ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kiingereza, kielelezo chake kilikuwa ni Lily. Hapakuwa na kielelezo kingine karibu.

Kilatini kina kanuni mashuhuri ya ufuatano wa njeo: kitenzi kikuu kikiwa katika wakati uliopita, kitenzi tegemezi hufuata. Lakini mara nyingi husahauliwa kwamba kanuni hiyo huhusu vishazi vyenye dhamira tegemezi, kama vile maswali, amri na makusudi yanayoripotiwa. Kauli ya kawaida haiguswi nayo. Mroma aliyetaka kusema "alisema kwamba anakuja" alitumia kitenzi-jina, na njeo ya kitenzi-jina hicho ilipimwa kwa wakati wa kusema: cha wakati uliopo kilimaanisha kwamba kuja na kusema vilikwenda pamoja, hata kama kusema kwenyewe kulifanyika miaka mia moja iliyopita. Kwa jambo hili Kilatini kinakaribiana zaidi na Kiswahili kuliko na Kiingereza.

Hivyo wanasarufi wa Kiingereza waliazima jina la kanuni huku kiini chake kikiwa kingine. Lindley Murray, mwanasheria wa Marekani aliyehamia karibu na jiji la York na ambaye sarufi yake ya mwaka 1795 ilichapishwa tena na tena kwa miongo mingi, aliweka kanuni kwamba maneno yanayohusiana kiwakati yazingatie uhusiano huo. Ni kanuni pana mno, na kwa upana wake iliweza kuhalalisha karibu lolote. Robert Lowth, aliyemtangulia kwa sarufi yake ya mwaka 1762, naye alishughulikia njeo zisizopatana ndani ya sentensi moja. Wote wawili hawakuwa na nia ya kutunga zoezi la kugeuza usemi. Walitaka kusahihisha waandishi.

Zoezi lenyewe lilitoka katika darasa la Kilatini la karne ya 19. Wavulana waliosoma vita vya Caesar katika nchi ya Wagali walikutana na hotuba ndefu zilizoripotiwa, na moja ya kazi zao ilikuwa kuzigeuza hotuba hizo ziwe usemi halisi, kisha kuzirudisha. Ili kazi iende sawa waliandaliwa orodha: "huyu" huwa "yule", "sasa" huwa "wakati ule", "leo" huwa "siku ile", "kesho" huwa "siku iliyofuata". Mwalimu wa Kiswahili atakayeipitia orodha hiyo ataitambua mara moja. Ndiyo ile anayoiandika ubaoni.

Orodha ikahamishiwa katika vitabu vya Kiingereza, hasa vile vilivyotungwa kwa ajili ya wanafunzi ambao Kiingereza hakikuwa lugha yao. J. C. Nesfield, aliyekuwa afisa wa elimu nchini India, aliandika sarufi zilizoenea sana kuanzia miaka ya 1890, na humo sura ya kugeuza usemi ina nafasi yake pamoja na masharti yake. Katika miaka ya 1930 kitabu cha Wren na Martin, nacho kikiwa na asili ya India, kiliendeleza utaratibu huohuo. Kwa mwanafunzi wa koloni, kanuni ilikuja ikiwa imekamilika: geuza njeo, geuza nafsi, geuza vielezi. Mtoto wa London aliyekua akisikia 'she said she's coming' kila siku hakuhitaji kuambiwa hivyo, na alipoambiwa hakulazimika kuamini.

Bunge, magazeti na riwaya

Pamoja na hayo, haitakuwa haki kuionyesha kanuni hii kama uzushi wa walimu tu. Kulikuwa na mahali ambapo njeo iliyorudishwa nyuma ilifanya kazi isiyoweza kufanywa na kitu kingine, na mahali hapo ni taarifa za Bunge.

Mwaka 1738 Bunge la Makabwela la Uingereza lilipiga marufuku kuchapishwa kwa mijadala yake. Majarida yalitafuta njia za kuzunguka. Samuel Johnson aliandika mijadala ya Bunge mwanzoni mwa miaka ya 1740 chini ya kisingizio kwamba ni mijadala ya nchi ya kubuni. Baada ya mgogoro wa wachapishaji wa mwaka 1771 marufuku ilikosa nguvu. Mwanzoni mwa karne ya 19 William Cobbett alianza mfululizo wa taarifa za mijadala, na mwaka 1812 ukaangukia mikononi mwa mchapishaji T. C. Hansard, ambaye jina lake limebaki kuwa jina la taarifa za Bunge hadi Nairobi na Dodoma.

Katika juzuu za karne ya 19 hotuba nyingi hazikuandikwa neno kwa neno. Ziliandikwa kwa nafsi ya tatu na kwa wakati uliopita, kwa muhtasari. Jina la mbunge lilitajwa mara moja pamoja na kitenzi cha kusema, kisha hotuba ikaendelea safu baada ya safu bila "alisema" kurudiwa. Katika kurasa za namna hiyo njeo iliyorudishwa ilikuwa kama muhuri. Kila kitenzi kilichorudishwa kilimkumbusha msomaji kwamba maneno haya si ya gazeti bali ni ya mheshimiwa fulani. Mara mwandishi alipotumia wakati uliopo, msomaji angeweza kudhani kuwa sasa ni mwandishi mwenyewe anayesema. Kile ambacho dhamira tegemezi ilikifanya katika Kiingereza cha Kale kimerudi hapa kwa vazi jingine. Mwaka 1909 Bunge lilipochukua kazi hiyo mikononi mwake na kuandika hotuba kwa nafsi ya kwanza, haja hiyo ilikwisha katika taarifa za Bunge, lakini mtindo ulibaki katika kumbukumbu za mikutano, na haujaondoka mpaka leo.

Riwaya ilifanya jambo jingine. Katika kazi za Jane Austen na waliomfuata, mawazo ya mhusika huandikwa kwa wakati uliopita na nafsi ya tatu, ila bila "aliwaza kwamba", na mara kwa mara vielezi hubaki vya mhusika: kesho yake yeye huitwa kesho tu. Charles Bally aliuita mtindo huo usemi wa taarifa huru mwaka 1912. Otto Jespersen, katika kitabu chake cha falsafa ya sarufi cha mwaka 1924, aliupa jina la usemi wakilishi. Mtindo huu unavunja orodha ya darasani katikati: njeo imehama, kielezi hakikuhama. Ikiwa orodha ile ingekuwa ya lazima katika lugha, sentensi za Austen zisingesomeka.

Jespersen na baada yake

Jespersen, Mdenmarki aliyeandika sarufi ya Kiingereza kwa juzuu saba, ndiye aliyeifanya mada hii kuwa ya wanaisimu badala ya kuachwa kwa walimu. Kwake yeye, sehemu kubwa ya kurudi nyuma kwa njeo ni mazoea ya akili. Msemaji amekwisha kuingia katika wakati uliopita kwa kusema "alisema", na akili yake inaendelea na mwendo huohuo bila kusimama kuuliza kama jambo linaloripotiwa bado ni la kweli sasa. Ni maelezo ya kawaida sana, na pengine kwa sababu hiyo hayakupendwa na waliotaka kanuni kali.

Baadaye Bernard Comrie (1985, 1986) alilinganisha Kiingereza na Kirusi na kusisitiza kwamba Kiingereza kina kanuni ya kiumbo ya ufuatano wa njeo, huku Kirusi kikiipima njeo ya kishazi tegemezi kwa wakati wa kusema kwa msemaji wa awali. Renaat Declerck hakukubali. Kwake hakuna haja ya kanuni ya pekee, maana ya njeo zenyewe inatosha kueleza. Mürvet Enç (1987) aliangalia sentensi zisizorudishwa. Mtu anaposema kwa Kiingereza 'John said that Mary is ill', ugonjwa wa Mary sharti uwe unahusu wakati John alipozungumza na pia wakati taarifa inapotolewa. Kutorudisha njeo kwa hiyo si kosa, bali ni kauli yenye uzito zaidi: mtoa taarifa anajifunga pamoja na msemaji.

Sentensi iliyorudishwa nayo ina tatizo lake. 'He said he was ill' yaweza kuwa taarifa ya "ninaumwa" na yaweza kuwa taarifa ya "nilikuwa naumwa". Kiingereza kimeishi na utata huo kwa karne nyingi na kimeuzoea. Swali ni kwa nini lugha isiyokuwa nao iuchukue.

Kwamba

Kiunganishi cha Kiingereza kinachoingiza kishazi cha kusema kilitokana na kiashiria: alisema hilo, yaani hili lifuatalo. Kiunganishi cha Kiswahili kina asili tofauti. Kwamba ni kitenzi-jina cha -amba, maana yake "sema", kitenzi ambacho hakisimami tena peke yake katika Kiswahili sanifu lakini kingali hai ndani ya -ambia, na katika ushairi wa kale na lahaja za kaskazini hupatikana kikiwa kizima. "Alinena kwamba" kwa asili yake ni kama kusema "alinena kusema". Neno linalofuata baada yake liko mlangoni mwa msemaji wa awali, na si ajabu kuwa njeo yake ni ya msemaji huyo.

Kwa hiyo "alisema anaumwa", "alisema ameumwa", "alisema ataumwa" na "alisema alikuwa anaumwa" ni taarifa za kauli nne tofauti, wala msikilizaji hazichanganyi. Kinachohama ni nafsi, na pale panapohitajika, vielezi. Hata kwa vielezi Kiswahili kina njia yake ambayo haikutoka kwa Caesar: kimilikishi -ake. Kesho ikiwa si kesho ya anayesimulia, ni "kesho yake". Jana huwa "jana yake". Msimulizi anayesema "alisema atakuja kesho yake" amepima siku kwa simulizi na kitenzi kwa msemaji, na hakuna mgongano.

Tafsiri ya Biblia inatoa ushahidi mzuri kwa sababu Kigiriki cha Agano Jipya nacho huhifadhi njeo ya awali. Katika Injili ya Yohana 1:39 wanafunzi wawili wanaona mahali Yesu anapokaa. Kitenzi cha Kigiriki ni cha wakati uliopo. Watafsiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 walikirudisha nyuma wakaandika dwelt. Tafsiri ya Kiswahili ya muungano ya mwaka 1952 ina akaapo, urejeshi usio na mofimu ya njeo kabisa. Waliosimamia tafsiri hiyo walilelewa katika Kiingereza cha Biblia ya 1611, lakini sikio la Kiswahili lilishinda.

Kutoka Kiingereza kwenda vitabu vya Kiswahili

Sarufi kubwa za Kiswahili za kipindi cha ukoloni, kuanzia ile ya Edward Steere ya mwaka 1870 hadi ile ya E. O. Ashton ya mwaka 1944, ziliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni. Msomaji wao alitaka kujua Waswahili wanasemaje. Zoezi la kugeuza usemi halisi kuwa wa taarifa ni la msomaji mwingine: mwanafunzi anayeijua lugha tayari na ambaye lazima apimwe. Nchini Kenya mwanafunzi huyo aliongezeka ghafla pale mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi na za sekondari. Mtihani unahitaji maswali yenye jibu moja linaloweza kupewa alama. Ugeuzaji wa usemi ulifaa kwa kusudi hilo, na waliotunga vitabu walikuwa wamekwisha kuuzoea katika masomo yao ya Kiingereza.

Ulinganifu unajionyesha wenyewe. -Na- hugeuzwa kuwa -likuwa na -ki-, kama wakati uliopo unaoendelea wa Kiingereza unavyogeuzwa kuwa wakati uliopita unaoendelea. -Me- hugeuzwa kuwa -likuwa na -me-. Hapa huweza kutetewa kwamba maumbo hayo yapo katika Kiswahili na hayapotoshi sana, ijapokuwa "alisema alikuwa akisoma" sasa inabeba mzigo wa kauli mbili kama 'he was reading', na utata wa Kiingereza umekaribishwa nyumbani.

Kwenye -ta- hakuna utetezi wa namna hiyo. Kiingereza hugeuza will kuwa would. Neno would lina kazi mbili zisizotegemeana: ni wakati ujao unaotazamwa kutoka wakati uliopita, na ni sharti, kama katika "ningekuwa na fedha ningenunua". Kihistoria ni umbo la wakati uliopita la will, na kazi ya sharti imejengeka juu yake. Kiswahili hakina neno lenye historia hiyo. -Nge- haikuwa kamwe umbo la wakati uliopita la -ta-. Ni mofimu ya sharti. Aliyetafuta mwenza wa would katika Kiswahili alimpata kwenye mlango wa sharti, akamchukua akampa na kazi ya mlango wa pili. Ndiyo maana "Juma alisema kwamba angekuja" humwacha msikilizaji akingojea sehemu iliyobaki: angekuja lau nini? Ni sentensi ya mtu ambaye hakuja, au ambaye kuja kwake kulizuiwa na jambo. Ahadi imegeuka kuwa udhuru.

Yapo majibu yanayoweza kutolewa. Lugha hubadilika, na vizazi vilivyosomeshwa hivyo vimeanza kuitumia -nge- kwa namna hiyo katika uandishi, mpaka pengine msomaji wao haoni tena sharti ndani yake. Mabadiliko ya aina hiyo hayana wa kuyazuia, na mwanaisimu ana wajibu wa kuyaandika yalivyo. Kinachopingwa hapa ni jambo jingine: kwamba "alisema atakuja", kauli ya Kiswahili cha kila mahali, iwekewe mkwaju mwekundu kwa sababu sentensi mwenza wake wa Kiingereza ingewekewa. Na hata huo mwenza, kama ilivyoonyeshwa, hauwekewi mkwaju na wenye lugha pale ambapo kuja kwenyewe bado kunangojewa.

Tanzania, ambako mada hii hufundishwa kwa jina la kauli halisi na kauli taarifa, ina upande mwingine wa historia hiihii, nao uko mahakamani. Kwa miaka mingi shahidi katika mahakama zilizo juu ya Mahakama ya Mwanzo aliweza kutoa ushahidi kwa Kiswahili huku kumbukumbu ikiandikwa kwa Kiingereza. Shahidi akisema "marehemu aliniambia anadaiwa", aliyeandika kwa Kiingereza sanifu aliandika kwamba marehemu was in debt. Kama deni lilikuwapo siku ya mazungumzo, au lilikuwa limekwisha kulipwa, Kiswahili cha shahidi kilikuwa kimesema wazi. Karatasi haikusema. Wakili wa rufaa aliyekuja kuisoma miaka baadaye hakuwa na njia ya kurudi kwenye -na-. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na "anadaiwa" ikapata ruhusa ya kuingia katika kumbukumbu jinsi ilivyotamkwa. Kama itaandikwa hivyo, au itasahihishwa iwe "alikuwa akidaiwa", kunategemea sarufi aliyofundishwa mwenye kalamu.